Mlio wa Feni na Wajibu wa Kuhakikisha



Msafiri wa pwani hucheka akiambiwa gari la Lodwar lina hita. Mchana joto la Turkana hupita nyuzi 35. Nani ataota moto? Lakini feni inayopuliza hewa ya moto garini ndiyo hiyo hiyo inayopuliza ya baridi. Ikiharibika, hudhurika abiria wote, na mtoto mchanga kwanza.

Mjane mmoja wa Kakuma, anayelea mayatima kwa gari kuukuu la abiria liendalo Lodwar, alisumbuliwa na kelele ndani ya dashibodi. Fundi aliisikiliza mara moja tu, akahukumu kuwa kompresa ya kiyoyozi imekufa na inunuliwe nyingine. Bei yake ilikuwa sawa na karo ya muhula. Mama akanitaka ushauri. Nikamwomba tupime kwanza.

Tuligeuza ufunguo bila kuwasha injini, tukapandisha feni ngazi kwa ngazi. Kelele ikapanda nayo. Kompresa ya gari lile huzungushwa na injini. Injini ikinyamaza, nayo hunyamaza. Basi tatizo lilikuwa kwenye feni.

Hapo sikio hufanya kazi. Mlio wa tak-tak huashiria jani au karatasi inayopigwa na mapezi. Mlio mkali wa kusaga huashiria beringi iliyolika. Mtetemo huashiria vumbi lililoganda upande mmoja. Sisi tulisikia tak-tak na mtetemo. Tukachomoa waya wa betri, tukashusha kisanduku cha mbele ya abiria, tukafungua skrubu na kuitoa feni. Ilijaa majani makavu ya mgunga na vumbi la barabara. Tukaisafisha kwa brashi kavu, tukaizungusha kwa mkono. Ikaenda kwa wepesi. Iliporudishwa, kelele ilikwisha na karo ikasalimika.

Simtuhumu fundi kwa khiana. Huenda aliharakisha tu. Lakini aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, na mali ya yatima ni amana nzito. Basi, mama, ukiambiwa kifaa kimekufa, uliza kwa upole: umekipima vipi? Nawe ukilipia kipya, omba uonyeshwe cha zamani. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, ni kuilinda amana.

Allah atujaalie subira ya kupima kabla ya kuhukumu. Amin.