Bei ya gunia la makala



Katika mafungo tumezoea kuwaonyesha filamu za watakatifu. Leo tunawatajia nyingine, isiyo na muujiza hata mmoja: *Makala*, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Si hadithi ya kubuni. Inafuata maisha ya Kabwita, mkaaji wa kijiji kilicho mbali na Kolwezi, raia wa nchi yetu, anayesema Kiswahili.

Kabwita anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anaufunika kwa udongo ili uungue polepole, kisha anafunga magunia juu ya baiskeli na kuisukuma mwendo wa kilomita zipatazo 50. Njiani lori linauangusha mzigo wake. Kwenye kizuizi anadaiwa malipo. Sokoni wanunuzi wanaishusha bei. Alitumaini kununua mabati ya nyumba ya mkewe na watoto. Anapoulizia bei yake, anaona kwamba safari moja haitoshi. Usiku anaingia mahali pa sala na kumlilia Mungu pamoja na wengine.

Filamu hiyo haituombi huruma. Kabwita si mwombaji. Ni mfanyakazi mwenye mpango. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Basi anayebishania gunia anagusa pia heshima ya aliyelileta.

Kamera inamfuata Kabwita hadi mwisho, lakini haimsaidii kusukuma. Mtazamaji naye hawezi. Sisi wa Bunia, hata hivyo, si watazamaji tu: makala ndiyo yanayoivisha chakula chetu, na wanaoyaleta hupita mbele ya milango yetu.

Wengine watauliza: je, tumlipe vizuri mtu anayemaliza msitu? Swali hilo ni la haki. Papa Fransisko, katika *Laudato si'* ya mwaka 2015, alituomba tusikie kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Hatuwezi kumhukumu mkata miti huku sufuria yetu ikichemka juu ya moto wake. Tuliye na jiko tupunguze matumizi yake. Kikundi chenye nafasi kipande miti. Na anayenunua alipe bei inayomwezesha muuzaji kula.

Katika kituo cha 5 cha Njia ya Msalaba, Simoni wa Kirene alikuwa akitoka shambani aliposhurutishwa kubeba mzigo wa mwingine. Kwetu, atokaye shambani ndiye aliyebeba, na sisi wa mjini ndio tunaosimama kando ya barabara. Jumapili hii, katika vikundi vyenu, jibuni swali moja: kati ya mlima wa mwisho na mlango wa nyumba yenu, nani atakuwa Simoni?