Mkate wa Cairo na unga wetu

Watu wa Cairo huidai serikali yao mkate kama kibarua anavyodai ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya, na kwa hilo wametuzidi. Mkate wenyewe ni wa baladi, wa mviringo, hutoka tanurini umevimba na tumboni umeshika pumba. Mnunuzi hupitisha kadi kwenye mashine, hupokea mikate yake, kisha huitandaza kwenye chanja, au hata juu ya boneti ya gari lililoegeshwa jirani, ipoe isije ikagandana. Kila aliyeandikishwa ana haki ya mikate mitano kwa siku, na nchi nzima wako karibu milioni 70. Bei ilisimama kwenye piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30, hadi Juni 2024 ilipofikishwa 20. Haikusimama kwa huruma ya wakubwa. Januari 1977 Rais Anwar Sadat alipopunguza ruzuku, watu waliingia barabarani siku mbili, makumi wakauawa, na ruzuku ikarudi. Mwaka 2011, katika kaulimbiu ya waandamanaji wa Uwanja wa Tahrir, mkate ulitajwa kabla ya uhuru.

Kwetu chakula cha namna hiyo ni ugali, lakini unga umeachiwa soko. Tanzania iliondoa ruzuku ya sembe mwaka 1984. Kenya huikumbuka uchaguzi ukikaribia: mwaka 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90, mwaka 2022 ikawa 100, na mara zote mbili wengi walifika dukani wakakuta rafu tupu. Nafuu ilipitia kwa wenye vinu, na mlaji hakuwa na pa kuulizia fungu lake. Misri nayo iliugua ugonjwa huo, unga wa bei nafuu ukiuzwa kwa mlango wa nyuma. Tangu 2014 mwoka mikate hununua unga kwa bei ya soko, na serikali humfidia kwa kila mkate uliosomwa kwenye kadi. Asiyemaliza mikate yake hupata pointi za kuchukulia bidhaa nyingine. Mfumo huo ndio ninaoutaka nyumbani, hata bei ikiwa tofauti.

Wapo watakaosema ni ghali, na ni kweli. Misri huagiza ngano nyingi, hasa Urusi na Ukraine, na vita vya 2022 viliibana vibaya. Hata kabla ya hapo, mwaka 2020, uzito wa mkate ulipunguzwa hadi gramu 90. Lakini mahindi tunayalima wenyewe, na Nairobi ikipungukiwa huyapata Tanzania na Uganda. Hoja nzito zaidi ni kwamba watawala wa Misri wameutumia mkate kuwanyamazisha watu. Siikatai. Ila mpiga kura wa Kenya aliyepewa unga wa wiki chache kabla ya kura naye alikuwa akinyamazishwa, tena kwa bei ya chini zaidi. Kadi ianze na kaya maskini za mijini, ifanye kazi mwaka mzima, na isianzishwe mwaka wa uchaguzi.