Mtoto Aliyekonda Naye Achanjwe Surua



Katika historia tunasikia jina la Kasongo juu ya Tippo Tip na Waarabu. Lakini wanganga wa inchi nyingi wanaijua Kasongo yetu juu ya jambo lingine: chanjo ya surua. Katika miaka ya 1970, wanganga wa shule ya magonjwa ya inchi za joto ya Anvers, Ubeleji, walifanya kazi hapa pamoja na wanganga wetu. Walichanja watoto, kisha wakahesabu nani anaishi na nani amekufa. Mwaka wa 1981 waliandika habari hiyo katika gazeti la wanganga la Uingereza, The Lancet. Waliona kwamba chanjo inapunguza kifo, lakini wakaonyesha mashaka: labda mtoto zaifu anayeponyoka surua atakufa nyuma na ugonjwa mwingine.

Nilipoambiwa habari hii nilishangaa, maana ni karibu maneno ya mama mudogo wangu! Alikuwa na mtoto wa miezi kumi, mikono kama vijiti. Siku ya chanjo alimuficha nyumbani. "Huyu ni mukavu sana, sindano itamumaliza. Anone kwanza." Mama yangu akamujibu: "Surua haitangoja anone." Walibishana mpaka muchele ukapoa. Juma lililofuata mama alimubeba mtoto mwenyewe mpaka kituo cha afya, akachanjwa, akapewa na vitamini A.

Mama alikuwa na haki. Nyuma ya wale wa Kasongo, Peter Aaby, mtu wa Denmark, alihesabu watoto katika Gine-Bisau, akaona waliochanjwa wanaendelea kuishi kuliko wasiochanjwa. Surua haiishi siku vipele vinapokauka. Inaacha mwili bila askari kwa miezi mingi, inaleta ugonjwa wa mapafu, kuhara, na hata upofu. Na aliyekonda ndiye inamuua mbele ya wengine. Kwa hiyo wanganga wa leo wanasema kukonda si sababu ya kumuacha mtoto, ni sababu ya kumuleta mbio. Mafua ao kuhara kidogo hakuzuii. Anayengojeshwa ni mwenye homa kali ao ugonjwa mzito, naye arudi akipona. Chanjo ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 15. Aliyepitisha wakati aje tu.

Lakini tusilaumu wazazi peke yao. Chupa moja ya dawa inatosha watoto kumi, na ikiisha kuchanganywa na maji yake haipashwi kupita saa sita, inatupwa. Basi munganga akiona watoto wawili tu, anaogopa kuharibu dawa, anasema: "Rudini juma lijalo." Mama aliyetembea kilometa 15, mtoto mgongoni, atarudi kweli? Kwa mawazo yangu, heri sehemu nane zimwagike. Mwaka wa 2019 surua iliua watu zaidi ya 6000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Likizo hii ninakwenda kwetu Kabambare. Nina mudogo ambaye mstari wa miezi 15 katika fishi yake ungali wazi. Siku ya chanjo kule ni siku ya ine. Ni mimi nitamubeba.