Nundu Iliyokataa Kuvunjika

Ndugu msomaji, mimi si mwongo. Naanza na hilo kwa sababu muhula wa kwanza darasa zima lilinicheka hadi nikakaribia kuiacha fizikia.

Ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mtaro wa kando ya shamba letu la miwa ulijaa pomoni. Ndugu yangu mdogo alikuwa akisukuma kigogo cha mgomba majini. Mara kigogo kikakwama. Lakini maji yaliyojikusanya mbele yake hayakukwama! Yalichomoka kama nundu moja laini, kimo cha kiganja, yakaenda zake. Nikakimbia nayo pekupeku. Sikuiona ikipungua wala kugawanyika viwimbi vingi, kama inavyokuwa ukitupa jiwe bwawani. Ilinipotelea kwenye kalvati.

Jumatatu nikayasema hayo darasani. Lahaula! Mmoja akauliza ati nundu hiyo ilikuwa ya ng'ombe gani.

Mwalimu wa fizikia hakucheka. Alisema Agosti 1834, huko Uskoti, mhandisi John Scott Russell alikuwa akitazama mashua ikivutwa na farasi mferejini. Mashua ikasimama ghafla, nundu ya maji ikachomoka, naye akaifuata juu ya farasi wake zaidi ya kilomita moja. Ilikuwa na urefu wa kama meta 9 na kimo cha sentimita 30 hadi 45. Wakubwa wa sayansi walimtilia shaka. (Nikajisemea, kumbe si mimi peke yangu!) Korteweg na de Vries waliiandikia hesabu mwaka 1895, na jina solitoni likaja 1965.

Nikauliza, "Mwalimu, mbona haivunjiki?" Hapo ndipo alipochelewa chai yake.

Alisema katika maji, kuna jambo linalotaka kuitandaza nundu na jingine linalotaka kuibana, na yakilingana, nundu hudumu. Lakini ziko solitoni za namna nyingine. Kuna zile zilizo kama fundo katika kamba ya ng'ombe, huku kigingi, huku ng'ombe. Itikise upendavyo, fundo halitoki mpaka uachilie ncha moja. Na kuna zisizo na fundo lolote, zilizoandikwa na Friedberg, Lee na Sirlin mwaka 1976. Mwaka 1985 Sidney Coleman akaeleza aina moja yake, mipira ya Q. Hizi ndizo zilizonikosesha usingizi. Kama hakuna fundo, zinashikwa na nini?

Jibu ni kwamba chembe zikikaa pamoja, nishati yake ni ndogo kuliko zikitawanyika, na idadi yake, yaani chaji, haiwezi kupotea. Kutawanyika kunataka nauli, na nauli haipo. Tena katika aina fulani, chembe zikiwa chache mno hutawanyika. Zikizidi kiasi fulani, hukaa.

Mpaka leo hakuna aliyeuona mpira wa Q. Ni hesabu tu. Lakini asubuhi moja kwa Kukhu nililiona tone la maji juu ya jani la nduma. Nililigusa, likatetemeka, likajikusanya tena. Nililipiga, likawa mawili. Nikainamisha jani, yakakutana yakawa moja. Fundo halifanyi hivyo.

Fizikia sijaiacha. Sasa mtaro umekauka. Wenzangu sita, pamoja na yule wa ng'ombe, wameahidi kuja mvua ikinyesha. Mwalimu ataleta futi ya kupimia, kigogo cha mgomba ni changu.