Mlango wa Nje na Mlango wa Ndani

Nyumbani kwangu ipo kompyuta kuukuu niliyoigeuza kuwa seva ya familia. Diski yake ya nje imebeba picha, filamu chache na, lenye thamani kuliko vyote, sauti ya marehemu baba akisimulia chimbuko la ukoo wetu, niliyoihamisha kutoka kwenye kaseti kabla utepe haujaharibika. Mama alipokuja kukaa nasi, aliomba kuisikia sebuleni kupitia runinga. Runinga iliiona seva, ikaliona hata jina la folda, kisha ikatangaza kuwa haina ruhusa.

Hitilafu ya namna hii haitibiwi kwa kubahatisha. Huulizwa kwanza kama vifaa vyote viwili vimo katika mtandao mmoja. Pili, kama lango namba 445, linalotumiwa na itifaki ya SMB, liko wazi. Tatu, kama vifaa hivyo vinazungumza toleo moja la itifaki hiyo. Nne, kama jina la mtumiaji na nywila vinatambuliwa. Tano, kama mwenye jina hilo anaruhusiwa kulisoma faili lenyewe. Ni milango mitano. Ukifungwa mmoja, uwazi wa minne iliyobaki hauna faida.

Kwa kuwa runinga ilikwisha kuliona jina la folda, milango mitatu ya mwanzo haikuwa na kasoro. Nywila nayo ilikubaliwa. Ukabaki mlango wa mwisho, nao una tabaka mbili. Samba, programu iliyoasisiwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina orodha yake ya wanaoruhusiwa. Linux iliyo chini yake ina orodha nyingine. Zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Tena Linux hudai kwamba anayelitaka faili awe na haki ya kupita katika kila folda iliyo juu yake. Faili langu lilikuwa wazi na folda yake wazi. Lakini Ubuntu, inapopokea diski ya nje, huiweka chini ya folda ya mtumiaji aliyeingia, na wengine huzuiwa kupita hapo.

Kijana mmoja jirani alinipa tiba mbili za haraka: kumfungulia kila mtu kila kitu, au kurejesha toleo la kwanza la SMB. Nilizikataa zote. Toleo hilo ndilo lililopitiwa na WannaCry mwezi Mei 2017, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Niliipa runinga jina lake la mtumiaji, nikaiandikia haki ya kusoma pasipo kubadili, na haki ya kupita katika folda ile moja. Jioni hiyo Mama alisikiliza, akamsahihisha marehemu mahali pawili.

Ndugu msomaji, sikusimulia haya ili kujisifu ufundi. Mwaka 2016 Tanzania ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayoipa taasisi ya umma siku zisizozidi 30 kumjibu mwananchi. Huo ni mlango wa nje, na uko wazi. Hata hivyo, nilipoomba mihtasari ya vikao vya halmashauri moja kwa ajili ya utafiti, karani alinipokea kwa heshima, akakiri kuwa mihtasari ipo kabatini na si siri, kisha akaniambia nisubiri "maelekezo kutoka juu". Siku 30 zilipita bila maelekezo hayo kushuka.

Tukifika hapo, wengi wetu hukata tamaa, na wengine hudai kabati lote limwagwe barabarani, pamoja na mafaili ya wagonjwa na ya watoto. Zote mbili ni tiba za yule jirani. Lililo bora ni kuuliza kwa utaratibu na kwa maandishi: nani amezuia, katika ngazi ipi, kwa kifungu kipi? Karani hakuwa amefunga chochote; aliyefunga yuko folda moja juu yake, na hajawahi kulazimika kuandika jina lake kwenye kufuli. Bunge likiipitia upya sheria hiyo, lianzie hapo.