Nganya za Rongai na Lenzi ya Pembe Pana

Kuipiga picha nganya nzima, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, kando ya barabara ya Magadi, Ongata Rongai, ni hesabu ya nafasi. Enzi za filamu ya milimita 35, lenzi ya kawaida ilikuwa ya milimita 50. Ili gari la mita 8 lienee ubavu mzima, mpiga picha alipaswa kusimama mita 11 hivi kutoka lilipo. Kwenye steji ya matatu za njia ya 125 na 126, nyuma yake palikuwa na kibanda, mtaro au gari jingine. Aliyebanwa hivyo alilipiga mshazari, na michoro ya ubavuni, fahari yenyewe ya nganya, ikabanana isisomeke.

Lenzi ya milimita 28 ilipunguza umbali huo hadi mita 6 na kidogo. Kasoro yake ilijulikana filamu ikishasafishwa: karibu na kingo, mistari iliyonyooka ilipinda. Vilima vya Ngong haviwezi kuishtaki lenzi kwa kosa hilo; nganya inaweza, kwa kuwa paa lake na safu ya madirisha ni mistari mirefu inayokwenda kona hadi kona.

Simu zilipanua pembe zaidi. LG G5 ya mwaka 2016 ilikuwa na lenzi ya digrii 135, na baadaye digrii 120 zikawa jambo la kawaida. Programu ndiyo iliyonyoosha mistari, kwa kuzivuta kona za picha na kuzikata, na herufi za pembeni zikapoteza ukali.

Dawa bora ni kurekebisha lenzi yenyewe. Uso wa lenzi ya kawaida ni mkunjo mmoja uliozungushwa kwenye mhimili, hivyo kila upande unafanana. Kihisi cha picha, hata hivyo, ni mstatili. Kona zake ziko mbali zaidi na katikati kuliko pande, nazo zahitaji mkunjo wa peke yake. Polaroid SX-70 ya mwaka 1972 tayari ilitumia nyuso za namna hii, zisizofanana kila upande, kwenye kitazamio chake. Huawei Mate 40 Pro+ (2020) na OnePlus 9 (2021) zikazitia kwenye kamera ya pembe pana. Mbunifu hufuatilia maelfu ya miale kwa kompyuta, akirekebisha uso kidogo kidogo. Kisha ncha ya almasi huchonga kalibu, ikisogea mbele na nyuma huku kalibu ikizunguka, na plastiki humiminwa humo. Kazi ya kuunganisha nayo imekuwa ngumu: lenzi ya kawaida ikizunguka kwenye kiti chake haidhuriki, ila hii ikikaa upande kidogo tu, sahihisho la kona moja huangukia pengine.

Limebaki jambo moja lisilo kosa la lenzi. Picha inayonyoosha mistari yote huvuta vitu vya pembeni: mpira ulio digrii 60 kutoka katikati hutokea na urefu mara 2 ya upana wake. Kwa hiyo dere na makanga wanaotaka kupigwa na gari lao husimamishwa katikati, na kingo huachiwa bodi.