Ukakasi wa Barolo
Mezani kwa marafiki, mjini Torino, tulionja divai mbili: Riesling ya Mosel kwa samaki, kisha Barolo kwa nyama ya ng'ombe. Ya kwanza ilikuwa na uchachu wa ndimu. Ya pili, kwa nguvu ya maganda ya zabibu, iliukausha ulimi. Rafiki mmoja akauliza kama lugha ya pwani, isiyolelewa na mizabibu, ina jina la hali hiyo. Nikamjibu: ukakasi. Ndio ule wa ndizi mbichi na bibo.

Jina la kinywaji tulilikopa: mvinyo kwa Wareno, divai kwa Wafaransa. La ladha tulikuwa nalo. Malenga wenzangu, kabla ya kuazima neno, tufunue kwanza vyungu vyetu.